Mtoto wa mwenzio akiumia vibaya ukiwa naye: huduma ya kwanza na taarifa

Mtoto aliyeumia akifikishwa hospitali, daktari anataka kujua mambo mawili kabla ya mengine: ameumiaje, na saa ngapi. Anayejua ni aliyekuwa naye. Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Kigoma, yaani Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji, mchana huo aliyekuwa naye si mama mzazi, ni mlezi anayekaa na watoto wanne watano wa majirani wakati wazazi wapo sokoni au mwaloni Kibirizi. Mlezi akinyamaza, au akisogeza saa mbele kwa kuogopa lawama, daktari anatibu kwa kubahatisha. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akipelekwa kama mtoto mwenye kikohozi cha tangu jana, atapewa dawa ya kikohozi huku mafuta yakiendelea kumharibu mapafu. Ndiyo maana hapa kutoa taarifa kunahesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Siku unayompokea mtoto

Chukua namba tatu za simu, si moja. Mama anayeanika dagaa hasikii simu iliyo ndani ya kikapu, na baba akiwa ziwani huenda hana mtandao. Namba ya tatu iwe ya mtu wa nchi kavu: bibi, shangazi au jirani. Bandika zote ukutani, kwa sababu simu yako nayo inaweza kuzima chaji siku hiyohiyo.

Omba mzazi aandike na kutia sahihi mistari miwili inayokuruhusu kumpeleka mtoto hospitali haraka asipopatikana. Tunza nakala ya kadi ya kliniki. Ina chanjo, ikiwemo kinga ya pepopunda iliyo ndani ya chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ina uzito, maana dawa za mtoto hupimwa kwa kilo. Uliza kuhusu selimundu, kifafa na dawa zinazomdhuru.

Kisha mtazame mwili mzima mbele ya mama, uandike unachokiona. Watoto wengi wa kwetu huzaliwa na mabaka ya kijivu au bluu kiunoni na matakoni, yanayofanana sana na alama za kipigo. Yasipoandikwa siku ya kwanza, siku ya ajali yatazua maswali usiyoweza kuyajibu. Kila asubuhi pia mwangalie kwa haraka wakati mama bado yupo mlangoni.

Dakika za kwanza

Ondoa hatari kwanza: zima jiko, sogeza sufuria, vuta waya kwa mti mkavu. Watoto wengine wapelekwe chumbani au kwa jirani mtu mzima. Ajali ya pili hutokea wakati macho yote yapo kwa aliyeumia. Halafu tazama kama anapumua. Mtoto anayelia kwa nguvu anapumua. Anayetisha zaidi ni aliyenyamaza.

Asipopumua, mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu kidogo, mpulizie pumzi 5 ukiangalia kifua kinavyonyanyuka. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja. Kama bado, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha theluthi moja ya unene wa kifua chake, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na urudie hivyo hivyo hadi apumue au upate msaada. Mtoto wa chini ya mwaka, zungushia mikono kifuani ubonyeze kwa vidole gumba viwili. Mkubwa kidogo, kiganja kimoja. Aliyezama kwenye ndoo au pipa anafanyiwa hivi hivi. Usimning'inize kichwa chini ili kumtoa maji, unapoteza muda wa pumzi.

Kuungua

Hili linastahili maneno mengi, kwa sababu jiko la mkaa liko chini, usawa wa mikono ya mtoto anayejifunza kusimama. Na mafuta ni mabaya kuliko maji. Maji yanaishia nyuzi 100, lakini mawese ya kukaangia migebuka yanapita hapo kwa mbali, na yanaganda kwenye nguo na ngozi yakiendelea kuunguza baada ya mtoto kuondolewa jikoni.

Vua nguo iliyolowa mara moja, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Hiyo kata pembeni yake uiache. Toa bangili, shanga na uzi wa kiunoni au wa mkononi kabla mwili haujavimba, kwa sababu baada ya muda uzi utakuwa umebana damu. Kisha mwagia maji safi ya kawaida, yasiyo ya friji, kwa dakika 20. Tazama saa, kwa sababu watu wengi huacha baada ya dakika mbili tatu mtoto anapopunguza kulia, wakati joto bado limo ndani ya nyama. Kama bomba halitoki, mwinue juu ya beseni, mwagia polepole kwa kikombe kutoka kwenye ndoo ya lita 20, na maji yakiisha yachote tena ya beseni kama ni masafi. Hata ukichelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 tangu kuungua. Sehemu isiyoungua ifunike kwa khanga, maana mtoto mdogo hupoa haraka na kuanza kutetemeka.

Dawa ya meno, unga wa ngano, ute wa yai, mafuta, asali, majivu: usipake chochote. Vinashika joto, vinaingiza vijidudu, na hospitali vitabanduliwa pamoja na ngozi. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, bila kukaza.

Aende hospitali kila mtoto aliyeungua eneo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole (hiyo ni kama asilimia 1 ya mwili wake), au aliyeungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au kwenye kiungo, hata kama ni padogo. Ngozi iliyokuwa nyeupe au kavu kama karatasi na haiumi ni dalili mbaya zaidi. Usidanganyike na ukimya wake.

Kichwa, na majeraha mengine

Aliyeanguka na kugonga kichwa akapoteza fahamu hata kidogo, akapata degedege, akatapika zaidi ya mara mbili, akawa mzito kuamka, mboni za macho zikatofautiana, au akatoka damu au majimaji puani au masikioni, anaondoka sasa hivi. Mtoto wa chini ya miaka 2 aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita moja aonwe na daktari hata kama anacheza. Ukihisi shingo imeumia, usimbebe mgongoni. Mlaze bapa na mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke.

Damu inayotiririka bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufungua kuchungulia, maana kila ukichungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Mfupa uliovunjika ufungwe kama ulivyo kwa ubao mwepesi na khanga. Usikandwe wala usinyooshwe. Aliyekunywa mafuta ya taa, jiki au dawa asitapishwe, na mafuta ya taa hayatibiwi kwa maziwa. Nenda na chupa yenyewe. Aliyekabwa na kitu na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe umpige mgongoni mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mtoto wa chini ya mwaka mbonyeze kifuani mara 5. Aliyepita mwaka, mkumbatie kwa nyuma uvute juu ya kitovu kwa ndani na juu mara 5. Badilishana hivyo.

Kwa majeraha makubwa usimpe chakula wala maziwa njiani. Huenda akahitaji dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari.

Hospitali na PF3

Kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia, lakini kichwa kilichoumia vibaya, kuungua sana au kushindwa kupumua nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni kama uko mjini. Bajaji ni bora kuliko bodaboda. Ikibidi bodaboda, mtoto akae katikati yako na dereva au kifuani pako, kamwe si juu ya tenki.

PF3, fomu ya polisi kwa majeruhi, imechelewesha watoto wengi. Usimzungushe kituoni mtoto anayevuja damu. Yeye aende hospitali, na mtu wa pili aifuate fomu polisi. Ukiwa peke yako, sema hospitali kwamba fomu inakuja.

Kumpigia mama

Piga ukiwa njiani au mara tu mtoto ametulizwa, usisubiri jioni. Salamu iwe fupi. Akipokea bibi, mpe shikamoo yake kisha ingia kwenye jambo. Maneno yawe namna hii:

"Mama Neema, habari za saa hizi. Neema ameungua kwa chai, mkono wa kulia na kifuani, saa nne na dakika kumi. Analia na anapumua vizuri. Nimemmwagia maji dakika ishirini, sasa tupo kwenye bajaji tunakwenda Maweni. Tukutane dharura. Pita nyumbani uchukue kadi ya bima."

Usiseme "njoo haraka" ukakata simu. Mama atakimbia barabarani akidhani mtoto amekufa. Usiseme pia "ni kidogo tu" wakati hujui. Na picha ya jeraha isiingie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Daftari

Andika siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya watu. Mfano:

"Jumanne, saa 4:10 asubuhi, uani. Neema, miaka 2 na miezi 3. Alishika meza ndogo, birika la chai likapinduka. Nilikuwa chumbani nikimbadilisha mtoto mwingine nepi, kama hatua sita. Nilisikia kilio, nikatoka. Sikuona birika likianguka. Watoto wengine watatu walikuwepo. Nilimwagia maji kuanzia 4:12 hadi 4:32. Mama alipigiwa 4:35. Tulifika Maweni 4:55."

Sentensi ya "sikuona" inauma kuiandika, lakini ndiyo inayolipa daftari uzito. Andika ulichokiona, ulichokisikia na ulichokifanya. Sababu unazodhani ziache. Ukikosea, piga mstari mmoja uandike pembeni, usirarue ukurasa. Tia sahihi, shahidi atie yake, mzazi apewe nakala na atie sahihi kwamba ameipokea, si kwamba amekubali.

Serikali

Siku hiyohiyo mjulishe mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, na umfikishie taarifa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa. Idara yake ndiyo inayosimamia usajili wa vituo vya kulelea watoto mchana chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kama hujasajiliwa, toa taarifa hivyo hivyo. Kukosa cheti kunarekebishika. Kuficha jeraha la mtoto kunakugeuza mtuhumiwa.

Kuna hali ambazo taarifa huanzia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto: mtoto amefariki, amepigwa, ana jeraha sehemu za siri, au jeraha halilingani na maelezo. Kichanga ambacho hakijaanza kutambaa hakivunjiki paja chenyewe. Hapo usimwogeshe, usifue nguo zake, na usimhoji. Sikiliza anachosema uandike kwa maneno yake. Hata kama unamshuku ndugu yako wa nyumbani, au jeraha limekuja naye asubuhi, wajibu haubadiliki: sheria hiyo inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti. Simu ya watoto ya taifa ni 116, bure. Polisi ni 112.

Siku zinazofuata

Aliyegonga kichwa akaruhusiwa nyumbani, mama apewe kwa maandishi zile dalili za hatari, amwangalie saa 24 hadi 48 na kumwamsha usiku kuona kama anaamka vizuri. Kidonda cha moto kina tarehe za kubadilishwa bandeji. Ziandike daftarini na uulize kila mara kama wamekwenda, maana nauli ikikosekana ndipo kidonda kinapoanza kuoza.

Wazazi wa watoto wengine waambie jioni hiyohiyo kilichotokea na ulichobadilisha, mathalani jiko limehamishiwa nyuma ya kizuizi cha mbao, bila kuwatajia jina la mtoto. Mtoto akihama au akikua, kurasa zake usizitupe. Mama anaweza kuja kuzihitaji miaka kadhaa baadaye, daktari akimuuliza lile kovu lilianzaje.