Umepasuliwa ngiri na kazi yako ni ya kubeba? Rudi kwa uzito, sio kwa tarehe

Nyinyi mnaobeba pale gatini Amu (Lamu), wa mchanga, wa simiti, wa mawe ya Manda, na nyinyi mabaharia mnaovuta nyavu na nanga, hii naandika kwa ajili yenu, sababu ngiri, yaani utumbo kutokeza kwenye kinena, ndio ugonjwa wa kazi zetu na kila mtaa una mtu ashapasuliwa au anatembea nayo kaificha ndani ya kikoi akiogopa kisu. Kisu chenyewe watu wengi wanakipita salama alhamdulillah. Kinachoniuma mimi ni kurudi kazini, hapo ndipo watu wanapojiharibu. Mmoja kaambiwa wiki sita, ya tatu hela zimekatika na watoto wanataka kula, anaenda. Mwengine anakaa zile wiki sita kamili, amelala tu hata mtungi hagusi, alafu siku ya kwanza ya wiki ya saba anajitwika simiti ya kilo 50 kama hakuna kilichotokea. Wote wawili wameangalia kalenda, na mwili hausomi kalenda.

Elewa kwanza ndani kuna nini. Daktari akikufungua kwenye kinena anarudisha kilichotoka mahali pake, anaziba pale palipoachia, na siku hizi mara nyingi anaeka neti ya kupatia nguvu. Ngozi ya juu inafunga haraka, siku 10 mpaka 14 ishakauka na we unajiona umepona. Ndani bado kabisa. Wiki ya tatu ile nyama iliyoshonwa ina nguvu kama robo tu ya zamani, miezi mitatu ndo inakaribia asilimia 80, na mia kwa mia hairudi tena. Ata neti yenyewe haishiki vizuri mpaka nyama iote ipite kwenye matundu yake. Kwaiyo unachotakiwa kufanya ni kuupandisha mzigo pole pole ili nyama ijifunze, sio kukaa bure na sio kurukia.

Sasa hii inaanza kabla hujaenda hospitali. Kama ngiri yako haijabana, yaani ukilala inarudi ndani na huna maumivu makali, basi hio ni oparesheni ya kupangiwa siku, na we pia una nafasi ya kupanga mambo yako. Chagua wakati kazi iko chini. Baharia bora aende kusi likianza kuchafuka wakati vyombo vingi vimefungwa, kuliko aende kaskazi wakati wenzake wanatoka kila siku na yeye yuko nyumbani roho inamuwasha. Hakikisha SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, iko hai na malipo hayajakatika. Alafu nenda ukae na msimamizi wako au nahodha au tajiri wa jahazi, umwambie wazi, naenda kupasuliwa, ntarudi na kazi nyepesi kwanza, tukubaliane fungu langu litakuwa kiasi gani. Nusu fungu ya kuhesabu magunia ni bora kuliko sufuri, na ni bora mara mia kuliko fungu zima linalokurudisha mezani kwa daktari. Haya maneno ukiyasema mapema unaonekana mtu wa mpango, ukiyasema siku umerudi unaonekana mvivu, ndivo watu walivo.

Ukishatoka hospitali, wiki mbili za kwanza kazi yako ni kutembea. Jioni jua likishuka tembea barabara ya pwani, mwanzo kidogo tu mpaka ukihisi mshono unavuta rudi, kesho ongeza. Kutembea kunazuia damu kuganda miguuni na kunaamsha tumbo. Ukifika siku unaweza kwenda mpaka Shela na kurudi bila kushika kinena, we uko vizuri, ila angalia maji yasiwe yamejaa ukalazimika kuruka ruka mawe. Vaa kikoi au shuka isiyokaza juu ya mshono, na ndani chupi ya kubana kiasi inayobeba korodani sababu siku za mwanzo zinaweza kuvimba na kupiga weusi, hio ya kawaida, inashuka yenyewe.

Na kuna kitu watu hawasemi kwa haya lakini mi ntakisema, choo. Kujikamua chooni kunasukuma tumbo vile vile kama kuinua mzigo, na dawa zengine za maumivu zile kali kama tramadol zinafunga choo. Kunywa maji mengi, kula mapapai, mchicha, kunde, ukwaju, na ukiona siku mbili hakuna kitu mwambie daktari akupe dawa ya kulainisha. Muguka na miraa ziache kipindi hicho chote. Zinafunga choo, zinakukosesha usingizi, zinakupa nguvu za uongo ukajiona waweza kuinua meli. Sigara nayo inachelewesha kidonda na inaleta kikohozi, na kila ukikohoa mshono unapigwa kutoka ndani. Kikohozi kikija usikipinge, shika mto au kiganja juu ya mshono ubane ndo ukohoe. Swala swali umekaa, mgonjwa ana ruhusa hio, usijikaze kurukuu na kusujudu huku umeuma meno.

Haya, tuje kwenye uzito wenyewe. Kipimo unacho nyumbani, mtungi wa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwaiyo mtungi wa lita 5 ni kilo 5, wa lita 20 ni kilo 20, huhitaji mizani. Wiki mbili za kwanza usizidi ule wa lita 5. Wiki ya tatu na ya nne beba lita 10, na ni bora zigawanye mkono huku tano na huku tano ili mwili usipinde upande mmoja. Wiki ya tano na ya sita panda mpaka lita 20 kidogo kidogo, leo ujaze nusu, baada ya siku kadhaa robo tatu. Ukimaliza wiki sita rudi kwa daktari akuguse pale, ukohoe mkono wake ukiwa juu, akisema sawa ndo unaingia kwenye kilo 30 na kitu, na simiti nzima iache mpaka wiki ya nane kuendelea, wengine mpaka miezi mitatu. Hii ni ya aliyefunguliwa kinena. Kuna wanaopasuliwa kwa kamera na matundu madogo, daktari anaweza kuwaruhusu mapema zaidi, na kuna waliofunguliwa tumbo wima katikati, hao ni polepole zaidi ya hivi. Neno la daktari wako liko juu ya hili langu.

Jihadhari na ndoo ya mchanga, watu wengi inawadanganya. Ndoo ya lita 20 ikiwa na maji ni kilo 20, ikiwa na mchanga uliolowa inapita kilo 35, na kwa macho ni ndoo ile ile. Kwaiyo mtu anasema mi nshafika lita 20, anaingia kwenye jahazi la mchanga, kumbe karuka ngazi.

Na kila ukipanda ngazi subiri asubuhi ya pili. Maumivu ya ngiri hayakwambii saa ile ile, mwili ukiwa moto hausikii kitu. Ukiamka hujambo, kuna mvuto kidogo tu, endelea hapo hapo siku tatu nne alafu panda. Ukiamka panauma zaidi ya jana au pamevimba, rudi ngazi moja chini. Ndo maana nasema, usimeze diclofenac au ibuprofen ili uweze kwenda kazini. Dawa ya maumivu ya usiku ili upate kulala sawa, meza ukiwa umekula, na kama una vidonda vya tumbo au figo muulize daktari kwanza, lakini ukinyamazisha maumivu alafu ukabeba, umemfunga mdomo yule anayekuonya.

Namna ya kubeba nayo ibadilishe moja kwa moja, sio kwa miezi hio tu. Usijitwike, utwishwe. Mzigo ukishakaa begani au kichwani hauumizi sana kinena, kinachoumiza ni ile sekunde ya kuutoa chini na ile ya kuutua. Muombe mwenzako aushike upande mmoja, na ukifika auteremshe na wewe. Piga magoti usipinde mgongo, mzigo uwe karibu na kifua, na pumzi itoe wakati unainua, ukiibana pumzi ndani tumbo linasukuma pale pale paliposhonwa. Usigeuze kiuno ukiwa na mzigo, geuza miguu. Pale gatini angalia maji, bamvua, yale maji makubwa, ikitoka chombo kinakuwa chini sana na unapanda ngazi zenye ukoga na mzigo juu, hapo mguu ukiteleza unajikaza mwili mzima kwa ghafla na huko kujikaza ndo hatari. Siku za mwanzo chagua kupakua maji yakiwa yamejaa chombo kikiwa sawa na gati, au maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana.

Kuna kazi zinaonekana nyepesi na sio. Kufua maji kwenye chombo, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, unapinda unazunguka unapinda tena, ni mbaya kuliko kubeba mtungi. Kuvuta nanga. Kupiga kasia. Kuvuta punda mbishi kwa kamba, akikutingisha ghafla umekwisha, na kumpakia shogi (makapu yake ya mzigo) peke yako pia. Nyepesi za kweli ni kuhesabu na kuandika mizigo, kushona nyavu umekaa kwenye kiti, kusokota kamba, kushika usukani siku bahari imetulia. Na wavuvi, usiingie baharini mpaka kidonda kimefunga kabisa hakuna pa kutoa maji, habari ya kwamba chumvi inaosha kidonda iacheni, maji ya bahari yenye joto yana bakteria wa kuozesha kidonda kilicho wazi.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyengine kwa nusu mshahara kila mwaka, angalau, ila ulete karatasi ya daktari. Ni kidogo ukilinganisha na wiki sita, najua, lakini ni zako. Kwaiyo ile karatasi ya kutoka hospitali usiipoteze, na muombe daktari aandike uzito, asiandike "kazi nyepesi" peke yake, aandike asizidi kilo 10 mpaka tarehe fulani. Msimamizi hawezi kubishana na kilo.

Kina mama mliojifungua kwa kupasuliwa, mtungi wa lita 20 kwenu pia ni kilo 20 zile zile. Wiki sita za kwanza usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako, na ndugu mliomo ndani ya nyumba maji chukueni nyinyi.

Mwisho jueni dalili za kwenda hospitali hio hio saa. Homa, mshono mwekundu unaochoma au unatoa usaha. Uvimbe umetokeza tena pale pale na ukilala hauingii ndani, hasa kama unauma sana na unatapika na huwezi kutoa ata upepo, hio ni utumbo umebanwa na inaua. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye chafu, ile nyama ya nyuma ya mguu, au pumzi kukata na kifua kuchoma. Walio Pate, Siyu na vijiji vya huko, Faza kuna hospitali, na ya rufaa ni King Fahd hapa Amu. Kabla hujapasuliwa ongea na mwenye boti mmoja na uwe na namba yake, mkubaliane kwamba ukimpigia usiku anakuja usiku huo huo, msingojee boti ya asubuhi.