Kuku anayeatamia mafichoni: namna ya kumpata na kumrudisha bandani

Tetea wako wa kienyeji akikosekana siku mbili, usikimbilie kumshuku jirani. Kama alikuwa anataga, kuna uwezekano mkubwa yuko hai, amekalia mayai yake mahali fulani. Huku Bwiru, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tumejenga katikati ya mawe, na kila upenyo wa jiwe kwa kuku ni chumba cha kifahari: giza, ubaridi kidogo, hakuna jogoo wa kumsumbua. Tatizo ni kwamba kenge wa ziwani naye anaijua mipenyo hiyo, na nguchiro vilevile. Kwa hiyo muda unao, ila si mwingi.

Hatua ya 1: Mfuate, usimtafute

Mwaka wangu wa kwanza nilipekua vichaka kwa fimbo tangu asubuhi hadi jua linazama, nikaambulia mikwaruzo. Bibi wa jirani alinitazama mpaka akachoka. "Mwanangu, kaa chini. Atakuja mwenyewe kula."

Kweli. Kuku anayeatamia hutoka kiotani kama mara moja kwa siku, kwa nusu saa hivi. Hutamkosea: manyoya kayatimua, analia kwo-kwo-kwo bila kunyamaza, anakula kama anayekimbizwa, anaoga vumbi, kisha anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu ya kukufanya ugeuze uso. Wangu wengi hutokea kwenye saa nne asubuhi au saa kumi jioni.

Mmwagie mahindi, halafu kaa mbali na ujishughulishe. Mimi huchambua mchele. Akishiba hataenda moja kwa moja; atazunguka, atasimama, atadonoa kitu asichokitaka, huku jicho moja liko kwako. Ukiinuka tu anakupeleka kusiko. Sogea anapoinamisha kichwa, simama anapokiinua. Ukimpoteza, weka alama pale ulipomwona mwisho, kesho uanzie hapo.

Kama bado anataga na hajaanza kuatamia, ni rahisi zaidi. Asubuhi mpapase; ukihisi yai, mzuie bandani mpaka saa sita, kisha mfungulie. Huyo hana muda wa kukuzungusha.

Hatua ya 2: Pima mayai kabla ya kuamua

Subiri giza. Weka yai juu ya tochi ya simu, uzibe mwanga wa pembeni kwa vidole. Kuanzia siku ya 7 hivi utaona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na doa jeusi katikati. Yai linalong'aa tupu wakati wenzake wana mishipa halina mbegu, litoe. Likiwa jeusi karibu lote, limebaki na nafasi ya hewa upande ule butu, basi siku 21 zinakaribia.

Akiwa amebakiza siku mbili tatu, mwache hapohapo. Jioni mfunike kwa tenga, juu weka jiwe zito, pembeni zungushia miiba. Asubuhi mfunulie ale. Kumhamisha wakati huo ni kucheza kamari na vifaranga.

Hatua ya 3: Andaa kiota kipya mchana

Chagua kona yenye giza ambako kuku wengine hawafiki. Tumia boksi au beseni lililopasuka, chini mchanga kidogo, juu nyasi kavu ulizozibonyeza katikati zikawa kama bakuli. Nyasi za kiota cha zamani usizichukue, huenda zina utitiri.

Hatua ya 4: Hamisha usiku

Hapa ndipo nilipochemka. Kuku wangu wa kwanza nilimbeba mchana kweupe, mayai 11 kwenye ndoo, nikajiona fundi. Nilipomweka tu, aliruka, akapita dirishani, akarudi kwenye jiwe lake na kukalia udongo mtupu. Yale mayai yalipoa usiku kucha bandani. Halikutoka hata moja.

Sasa naenda saa mbili usiku, tochi nimeifunika kwa kitambaa. Pitisha mkono polepole chini ya kifua, ukague mabawa kabla ya kumwinua, maana mara nyingi huwa amekumbatia yai kwapani na litakuangukia. Mayai yatangulie kiotani, kuku afuate. Mfunike kwa tenga lenye gunia juu, uondoke bila maneno mengi.

Kabla ya kulala, rudi ukazibe upenyo wa zamani kwa mawe.

Hatua ya 5: Siku mbili za kumzuia

Mtoe mara moja kwa siku, ndani ya banda lililofungwa, ale, anywe, anye. Asiporudi kiotani baada ya dakika 30, mrudishe kwa mkono. Weka kila yai alama ya kalamu ya risasi. Wenzake wakija kutaga humo, utajua lipi la kupeleka jikoni.

Kama huhitaji vifaranga

Kusanya mayai na umweke kwenye kizimba chenye wavu chini, kilichoinuliwa ili hewa ipite tumboni. Asiwe na nyasi, ila chakula na maji vijae. Siku tatu hadi tano joto la kuatamia huisha. Kumzamisha kwenye ndoo ya maji au kumpitisha unyoya puani ni mateso tu, achana nayo.

Kwa nini alihama?

Hesabu viota vyako: kimoja kinatosha kuku wanne au watano, kisizidi hapo, na kiwe na giza. Halafu usiku, kuku wakiwa wamelala, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na vidoa vyekundu, huo ni utitiri ulioshiba damu, na yule tetea hana kosa. Ondoa nyasi zote uzichome, mwaga maji ya moto kwenye nyufa, nunua dawa ya unga kwenye duka la mifugo, kisha urudie baada ya wiki, kwa sababu mayai ya utitiri yatakuwa yameanguliwa.