Kuchagua transmita ya mita 630 na mita 2200

Anza na antena, transmita baadaye. Kwenye bendi hizi za chini za redio ya ridhaa (amateur), sheria hupima EIRP, yaani nguvu inayorushwa na antena ikizidishwa kwa jinsi antena inavyoielekeza, si wati zinazoingia kwenye kebo. Kikomo cha kawaida ni wati 1 kwenye 135.7–137.8 kHz (mita 2200), na pia kwenye 472–479 kHz (mita 630), ingawa Marekani inaruhusu wati 5 kwenye hiyo ya pili. Hakikisha leseni yako inaruhusu bendi hizi, maana si kila nchi imezifungua.

Chukua waya wima wa mita 12 wenye nyaya ndefu za mlalo juu yake. Kwenye 475 kHz, ukinzani unaorusha mawimbi ni karibu omu 0.57 tu. Kama ardhi na koili vinakula omu 30, wati 18 zinatosha kufikia wati 1 EIRP. Waya huohuo kwenye 137 kHz unashuka hadi omu 0.047; hasara ikiwa omu 50, utahitaji wati 350 hivi. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni mita 630 na transmita ya wati 50. Fedha itakayobaki nunua nyaya za kufukia ardhini, zitakufaa kuliko wati za ziada.

Kisha amua utatuma nini. CW (mosi), QRSS (mosi ya polepole sana), WSPR na FST4W (ishara za kidijitali za kompyuta) hazihitaji transmita ya linia, yaani inayofuata kimo cha wimbi kinapopanda na kushuka, kwa sababu kimo cha wimbi hakibadiliki wakati wa kutuma. Hapo chagua daraja D, ambayo transista zake huwaka na kuzimika kama swichi, inayofikisha asilimia 90 ya umeme kwenye antena. Tofauti utaiona kwenye joto: WSPR hutuma sekunde 110.6 mfululizo, na FST4W-1800 inakaribia nusu saa. Amplifaya ya linia iliyopimwa kwa SSB (njia ya kutuma sauti) inaungua hapo kama hukupunguza nguvu. Ya linia nunua tu kama unataka PSK31 (maandishi ya kidijitali) au sauti.

Ya daraja D inajengeka nyumbani. Kwa 475 kHz na volti 13.8, tumia transista IRF540N mbili zinazopokezana, na transfoma kwenye kiini cha feraiti ETD39 cha aina ya N87 au 3C90 kisicho na pengo: mizunguko 2+2 upande wa transista, 8 upande wa antena. Ukiifunga kwenye mzigo wa omu 50 inatoa karibu wati 49 na kuvuta ampea 4. Kwa wati 350 kwenye 137 kHz, panda hadi volti 40, IRFP250N, na mizunguko 6+6 kwa 22.

Jambo moja linaloua transista hizi ni kukatika kwa mawimbi ya kuziendesha. Chipu ya 74HC74 inayogawa 950 kHz kwa mbili ikikosa mawimbi inasimama ilipo, geti moja linabaki limewashwa, kiini cha transfoma kinajaa sumaku, na transista inakwenda. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza: mawimbi yakikatika, mageti yote mawili yanazimwa? Ukijenga mwenyewe, weka kapasita ya 4.7 nF kati ya 74HC74 na kila chipu ya TC4422 inayoendesha geti, kisha kwenye ingizo la TC4422 omu 1,000 na dayodi 1N4148 hadi ardhi, kathodi ikielekea ingizo. Thamani hiyo ni ya 475 kHz; kwa 137 kHz tumia 15 nF.

Filta ya kuzuia hamoniki, yaani mawimbi ya ziada kwenye vizidishi vya masafa yako, haina mjadala. Hamoniki ya tatu ya 475 kHz ni 1,425 kHz, katikati ya redio za AM za majirani. Filta ianze na koili. Ikianza na kapasita, transista zinaona karibu shoti kila zinapobadilishana. Kapasita ziwe za polipropilini au maika. Za kauri za X7R zinachemka na thamani yake inahama. Koili zizungushwe kwenye viini vya duara vya unga wa chuma, T106-2.

Angalia pia ulinzi wa mkondo uliozidi. Mvua ikilowesha waya, antena inahama kwenye masafa yake na transmita ghafla inaona mzigo mwingine kabisa. Kwenye 137 kHz, antena yenye uwezo wa kapasita wa 300 pF inayopata wati 350 ina karibu volti 10,000 kwenye koili. Izungushie uzio, mtu asiiguse.

Kwa jaribio la kwanza tumia mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, mageti yakilishwa volti 12 kutoka saplai yake, na transista volti 5 zenye kikomo cha ampea 2. Utapata wati 6 hivi. Shika hitisinki baada ya dakika mbili: ikiwa moto kwa nguvu ndogo hivyo, tazama mawimbi ya mageti kwenye oskilosikopu kabla ya kuongeza hata volti moja.