Kikao cha bodi kiwe saa nane mchana, si saa tatu asubuhi

Kwa walio kwenye bodi za mashirika ya kutetea afya ya akili hapa Kampala: kama mna wajumbe walioishi na ugonjwa wenyewe, hamisheni kikao kiwe saa nane mchana. Dawa kama klopromazini na olanzapini huleta usingizi, na wengi huzimeza usiku. Asubuhi kichwa bado kizito. Kwenye bodi yetu kuna dada aliyekaa vikao vitatu kalamu mkononi, karatasi tupu, chai imepoa. Tulidhani hana la kusema, na hilo linaniuma hadi leo. Tulipobadilisha saa, ndiye aliyetufafanulia vizuri zaidi suala la ridhaa ya mgonjwa katika Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 kuliko hata wakili wetu, kwa kuwa yeye amewahi kulazwa.

Muulizeni kila mjumbe faraghani saa inayomfaa. Msiulize kwenye kundi la WhatsApp, maana mtu atalazimika kutaja dawa zake mbele ya wote.

Njia hii haisaidii kwa anayemeza dozi ya mchana, na inawaumiza wanaotoka Gulu au Mbale, wanaosafiri usiku kurudi na kukosa usingizi, jambo ambalo kwa baadhi yao ni hatari. Hao walipieni malazi, au wajiunge kwa simu mkiwatumia pesa za bando mapema. Na kamwe msimshauri mtu abadili saa ya dawa kwa ajili ya kikao. Hilo ni la daktari wake.