Shamba limechoka na mvua haieleweki? Anza na visiki na maji, hela ifuate baadae

Wakuu habari za leo. Ndugu wengi wanaorudi kijijini huku Dodoma kuanza kilimo wananiuliza swali moja, "nina milioni 2, ninunue nini kwanza?", na mimi jibu langu ni lile lile kila siku, usinunue kitu kwanza. Huku kwetu msimu ni mmoja tu kwa mwaka, Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili, milimita 500 na kitu hadi 600 hivi, na inakuja kwa fujo, inapiga siku 3 makorongo yanajaa afu inakata wiki 3 mtama unajikunja majani. Sasa ukimwaga mbolea na mbegu ya bei kwenye ardhi ambayo maji yanapita juu kama kwenye lami, hela yako yote inaishia korongoni. Naeleza hapa navyofanya kwa mpangilio, ni kwa hizi nyanda kavu za kati, Dodoma na Singida, na hata Shinyanga sehemu kubwa itafaa.

Kabla ya jembe ni karatasi. Jirani yangu alikodi ekari 4 kwa maneno tu, akachimba makinga maji misimu miwili, akarudisha udongo ukawa mweusi mzuri, mwenye shamba alivyoona mtama umesimama akalitaka shamba lake na hakukuwa na pa kulalamikia. Kwa hiyo kama ni lako fuatilia hati ya haki miliki ya kimila, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, majirani wa mpakani wanakuja kuonyesha mipaka na halmashauri ya kijiji ndo inatoa. Na andikeni majina yote mawili, mke na mume, sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki na kwa kweli nyumba nyingi ninazozijua ni mama ndo yuko shambani kila siku. Kama ni la kukodi basi mkataba wa maandishi wa miaka 5 au zaidi, na mashahidi. Chini ya hapo lima tu, usichimbe kitu cha kudumu.

Ukishamaliza hilo subiri kiangazi, tembea shambani taratibu ukiangalia chini. Utaona machipukizi yale ambayo kila mwaka tunayafyeka na kuyachoma tukisema ni vichaka, mikungugu, mikole, mikwaju, huo ni mti mkubwa uliokatwa ila mizizi iko hai chini kabisa inafikia unyevu. Hii ndo wanaita kisiki hai. Mche wa kitalu ukiupanda Februari unapewa miezi miwili tu ya mvua afu unakutana na kiangazi cha miezi saba na mizizi yake mifupi, mimi nimepanda miche mingi sana kwa njia hiyo nikabaki na michache ya kuhesabu kwa vidole, wakati visiki havidai hata ndoo ya maji. Kule Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo toka Australia, alianza kuhimiza wakulima kufanya hivi mwaka 1983 na leo kuna hekta kama milioni 5 zimerudi na miti.

Namna ya kufanya: kwenye kila kisiki chagua machipukizi 2 hadi 5 yaliyonyooka na yenye afya, mengine yote kata karibu na shina kwa panga kali (panga butu linachana ganda na ugonjwa unaingia), na ukate ukielekea juu. Yale uliyoyaacha pogolea matawi ya chini nusu ya urefu, juu acha. Funga kitambaa chenye rangi kwenye kila kisiki ulichochagua, usidharau hiyo hatua, kitambaa ndo kinamwambia mchungaji na kibarua wa kulima kwamba huu mti una mwenyewe. Baada ya miezi mitatu minne rudi ukate yaliyochipua upya. Shambani mimi naacha miti kati ya 15 na 40 kwa ekari, zaidi ya hapo kivuli kinasumbua mtama, ila ukibahatika kuwa na mkababu acha yote manake unapukutisha majani wakati wa mvua, haushindani na mazao. Na zile fito ulizokata ni kuni, ndo pato la kwanza na hujatoa shilingi.

Sasa maji. Hapa ndo pa kutulia manake ukikosea mstari utatengeneza korongo jipya kwa mikono yako. Tengeneza fremu ya A, miti miwili ya mita 2 unaifunga juu, miguu unaitanua, unakaza mti mwingine katikati kwa upana, halafu toka juu unaning'iniza kamba yenye jiwe ipite mbele ya huo mti wa katikati. Isimamishe chini, weka alama miguu ilipokaa na kamba ilipogusa, geuza miguu ibadilishane nafasi zile zile, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndo usawa. Baada ya hapo unatembea nayo kukata mteremko, kila mguu unaposimama na kamba iko kwenye alama ya katikati unapiga kigingi, na mstari wa vigingi ndo kontua yako, yaani mstari usiopanda wala kushuka. Usifanye siku ya upepo, kamba inayumba.

Kwenye huo mstari chimba mtaro sentimita 60 upana na 60 kina, udongo utupe upande wa juu, ndo ile fanya juu ambayo wenzetu wa Machakos kule Kenya wameitumia kugeuza vilima kuwa ngazi. Acha kibaraza cha sentimita 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, usipoacha udongo wote unarudi mtaroni mvua ya kwanza. Umbali kati ya mtaro na mtaro unategemea mteremko, kama kila mita 20 ardhi inashuka mita 1 weka mita kama 20, kama inashuka mita 2 weka 13 hivi. Juu ya tuta panda nyasi za vetiva au mkonge lishike.

Katikati ya mitaro nachimba mashimo ya Chololo, yameanzia kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma. Shimo upana sentimita 22 hivi, kina 30, toka shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, udongo unaukalisha upande wa chini kama kikingio, ndani unaweka samadi iliyoiva au majani makavu. Piga hesabu mwenyewe, ekari moja inakula mashimo kama 7,400. Ni kazi. Kwa hiyo anza robo ekari, mashimo kama 1,850, na uchimbe Mei na Juni mara baada ya kuvuna wakati chini kuna unyevunyevu bado, ukisubiri Septemba ardhi imekuwa jiwe na vibarua watakutoza bei ya jiwe.

Mifugo ndo itaua kila kitu kama hujaongea na watu. Shamba moja haliwezi kujilinda peke yake kwenye kijiji cha wafugaji, lazima lifike mkutano mkuu wa kijiji na iwepo sheria ndogo ya muda wa kuingiza ng'ombe kwenye mabua. Wasukuma wana ngitili, malisho yanafungwa mvua zinapoanza yanafunguliwa kiangazi kikali. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa hekta kama 600, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikapita laki 3, na kilichofanya ikawezekana ni kwamba utaratibu ulikuwa wa kwao wenyewe na mzee wa kijiji aliweza kumtoza faini hata shemeji yake.

Hapo ndo hela iingie. Mbegu ya muda mfupi, mtama wa Macia au uwele wa Okoa, kilo 3 hadi 4 kwa ekari zinatosha. Halafu mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, kwa sababu ukivuna Mei na ukauza Mei umempa dalali faida yako yote. Halafu mizinga ya nyuki, miti ikishachanua mwaka wa tatu wa nne. Mkopo wa benki wa marejesho ya kila mwezi mimi sishauri kabisa, mtama hauna mshahara. VICOBA sawa ila chukua karibu na mavuno, manake marejesho yake mara nyingi ni miezi 3. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, jiungeni kikundi kwa ajili ya mizinga, usiipeleke kwenye mazao ya mvua mwaka wa kwanza.

La mwisho, mvua ya kwanza ikianza kupiga usikae ndani. Vaa, chukua jembe, nenda shambani ikiwa inanyesha, fuata kila tuta uone maji yanapotaka kupasua na uzibe hapo hapo, weka kijiti sehemu inayozidiwa ili uinue tuta kesho. Nusu saa ile itakuonyesha makosa yote ya fremu yako. Asubuhi yake chomeka mkono ndani ya shimo, kama unyevu umefika kiwiko, panda.