Somo: Kioo, tochi na mstari wa nyuzi 90

Jana jioni nilikuwa Dunga hapa Kisumu. Jua lilikuwa likizama ziwani, na ule utepe wa dhahabu juu ya maji ukawa unanifuata kila nikihama. Ndipo nikakumbuka niliwaahidi somo la kuakisi, yaani mwanga kugonga kitu na kurudi.

Mwanga huenda kwa mstari ulionyooka, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ule wa jua huchukua dakika 8 na ushee kutufikia. Basi, twende kazini.

Tafuta kioo bapa cha mkono, tochi, kadibodi, karatasi, rula na protrakta.

1. Toboa kadibodi mwanya mwembamba, uiegemeze mbele ya tochi. Zima taa.

2. Piga mstari kwenye karatasi, simamisha kioo juu yake. Mgongo wa kioo ndio ukae mstarini, kwa sababu kioo cha nyumbani huakisi kwenye ile rangi ya nyuma.

3. Katikati piga mstari wa nyuzi 90 kutoka kwa kioo. Hapa ndipo watoto wetu hupoteza alama: pembe hupimwa kutoka mstari huu, si kutoka uso wa kioo.

4. Elekeza mwali ugonge makutano. Tia nukta mbili kwenye mwali unaoingia, mbili kwenye unaotoka. Ondoa kioo, unganisha, pima. Ukiingia kwa nyuzi 30, hutoka kwa 30; hiyo ndiyo sheria ya kuakisi. Ukipata 32, mwali wako ni mnene tu.

Sasa mchezo wenyewe: geuza kioo nyuzi 10, tochi usiiguse. Mwali unaotoka utahama nyuzi 20.

MASWALI

Mwalimu, mbona ukuta wangu mweupe haunionyeshi sura?
Unaakisi, tena sana. Ila una vijibonde vidogo mno, na kila kimoja kinafuata sheria ileile kikielekea kwake. Mwanga unatawanyika.

Nataka kujiona mwili mzima. Fundi anasema kioo kiwe kirefu kama mimi.
Usimlipe bado, dada. Nusu ya urefu wako yatosha, mradi ukingo wa juu uwe katikati ya macho na utosi.

Na huo utepe wa ziwani?
Kila wimbi ni kioo kidogo kilichoinama. Yanayolirushia jicho lako mwanga ni yale yaliyo upande wa jua, kwa hiyo jirani yako anao utepe wake. Taa za wavuvi wa omena usiku hufanya vivyo hivyo. Ziwa likitulia kabisa, utepe hukatika, likabaki jua moja tu majini.