Moshi hadi Dar kwa ndege: saa moja ya angani, saa sita za safari

"Dar kwa ndege ni saa moja tu." Hilo ni kweli ukishafunga mkanda. Toka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi uwanja wa Julius Nyerere, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 450, na ndege hukaa angani saa moja na robo hivi. Ya pangaboi huchelewa kidogo kuliko jeti. Ila soma tiketi vizuri: zipo zinazopitia Zanzibar kwanza, na hapo hesabu inabadilika.

Kabla hujalipa, angalia herufi tatu za uwanja. JRO ni KIA, katikati ya Moshi na Arusha. ARK ni uwanja mdogo wa Arusha, ule wa Kisongo, ng'ambo ya pili ya jiji. Mtu wa Moshi akikata ya Kisongo kwa sababu imeshuka bei kidogo, atavuka Arusha nzima kuifuata, na alichookoa kitaishia kwa dereva.

Halafu kuna saa. Tiketi haijui saa zetu. Shangazi yangu aliona 07:00 akasoma saa saba mchana. Saa mbili na nusu asubuhi tunampigia kumuuliza kama amefika, yuko jikoni anakoroga uji. Kwa hiyo toa sita, au mpe kijana wa nyumbani akusomee. Ya 00:30 ndiyo mtego zaidi, maana tarehe imeshageuka: ikiandikwa Jumamosi, unaondoka nyumbani Ijumaa usiku.

Sasa piga hesabu ya mlango kwa mlango. Ndege ni saa nne asubuhi, uwanjani uwe umefika saa mbili, na kutoka Moshi ni kama kilomita 40, basi saa moja uwe barabarani. Daladala za Arusha zitakushusha njia panda ya KIA, si mlangoni. Toka pale ni bodaboda au teksi, na ukiwa na begi kubwa boda si rafiki. Unatua saa tano na robo, unangoja mzigo, unaingia foleni ya Barabara ya Nyerere. Kariakoo utafika karibu saa saba. Bado ni afadhali kuliko basi la kupitia Same, Korogwe na Chalinze, linalokula siku nzima.

Mzigo nao. Sisi hatuendi Dar mikono mitupu, na ndizi ni nzito kuliko zinavyoonekana. Kata mkungu vichane, panga kwenye boksi, pima kwa mizani ya muuza duka kabla hujaondoka. Kilo zikizidi, utazilipia kaunta. Vindege vidogo vya Kisongo mara nyingi vinataka kilo 15 tu, tena begi laini. Kisu cha kumenyea kiweke kwenye begi la chini, lile unalolikabidhi kaunta. Kitambulisho kiwe mkononi, na jina lifanane na la kwenye tiketi.

Ukiweza kuchagua kiti, chukua dirisha la kushoto ukienda Dar, la kulia ukirudi. Asubuhi na mapema, mawingu hayajapanda, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, utauona karibu usawa wa macho.